Mutiso, Daktari Alikuuliza Nini?

Mutiso, rafiki yangu, mtu wa Makueni, dereva wa lori ya maziwa,

Ni mimi Ombati naandika. Kwa mkono wangu. Unacheka? Cheka tu. Wewe ndiye ulinifundisha hizi herufi kwa chaki juu ya mitungi ya maziwa, na ukasema hata jiwe la Tabaka linachongwa lakini kichwa changu hapana. Sasa ona. Nimeanza tu hii barua, na mkono tayari unaniuma kuliko siku ile nilishika fahali ya Mzungu kwa pembe mpaka ikapiga magoti. Najua utasema haikuwa fahali, ilikuwa ndama. Wewe hukuwepo. Ilikuwa fahali.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Ekegusii ulikataa kujua. Miaka yote hiyo Nyansiongo, umezeekea kwetu, umekula ndizi zetu mpaka ukafanana nazo, na bado ukisalimia watu asubuhi mbuzi wanashtuka.

Mutiso, nina shida. Nitakutania kidogo ndio kalamu isisimame, lakini nina shida, na mtu wa kunitoa kwa hiyo shida ni wewe, na wewe umekufa. Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Ile siku ulienda hospitali kubwa mjini Kisii kuniugulia, daktari alikuuliza nini? Na wewe ukajibu nini?

Lakini kwanza nikuombe msamaha. Mazishi yako sikuja. Watoto wako walikuja na gari wakakuchukua, wakaniambia nafasi yangu iko, mbele kabisa karibu na dereva, kwa sababu wewe na mimi tulikuwa kama ndugu. Nikasema goti. Nikachechemea mbele yao mguu wa kulia, halafu nikisindikiza gari mpaka kwa geti nikasahau, nikachechemea wa kushoto. Goti halina kitu. Ni mkojo. Kutoka hapa mpaka kwenu Makueni ni siku nzima, na mimi saa moja haiishi kabla sijatafuta mti. Ningesimamisha jeneza lako kando ya barabara mara ngapi? Watu wangesema marehemu hataki kurudi kwao. Kwa hivyo nilibaki kwa geti, nikapunga mkono mpaka vumbi ikakaa chini. Nilipunga hata kama hakukuwa na kitu cha kuona. Hiyo ndiyo kweli, na ni wewe peke yako nakuambia.

Kwa sababu wewe ulijua. Wewe ulijua ya kila mtu.

Unakumbuka vile ilianza? Huku kwetu ensoni, ile aibu ya heshima, ni ukuta. Mzee hawezi kutaja mambo ya chini ya mshipi mbele ya mtoto wake, wala mtoto wa ndugu yake, wala mtu yeyote wa rika ya watoto wake. Mbele ya mke wa mwanawe ndio kabisa, hata mkono hawapeani. Na sasa pale dispensari yetu nani yuko? Anayepima watu ni mtoto wa dada yangu. Anayeandika majina ni binti ya Ondieki. Na kwa dirisha la dawa amekaa Kemunto, mke wa mwanangu Josiah, amevaa koti nyeupe, amesomea dawa miaka mitatu. Siku aliletwa kufanya kazi hapa karibu na nyumbani nilichinja jogoo wawili. Nilitembea kituo cha majani chai chote nikijisifu, ati dawa ya Nyansiongo yote sasa inapita kwa mkono wa mokamwana wangu. Sikujua nimejifungia mlango mwenyewe.

Kwa presha, sawa. Presha haina ensoni. Kila mwezi naenda kwa dirisha, Kemunto anasukuma dawa zangu za presha kwa kaunta, anasema "Baba, moja kila asubuhi, usiruke siku," mimi naangalia ukuta, nasema "Nimesikia," naenda. Lakini mkojo? Nimwambie mke wa mwanangu mkojo wangu unatoka kama bomba ya mfereji ya kiangazi? Afadhali nipasuke.

Lakini wewe, Mutiso, hukuwa baba mkwe wa mtu huku. Wewe ulikuwa mtu wa kuja. Ungeweza kutaja kitu chochote mbele ya mtu yeyote, na watu wangesema tu, "Ni Mkamba." Kwa hivyo tukakufanya mgonjwa wetu. Henia ya Ondieki uliiugua wewe. Ile choo ya damu ya mzee Nyamweya uliiugua wewe, na siku hiyo uliikataa kwanza, ukasema hiyo ni mbaya, akukopeshe ugonjwa mwingine. Unafika hospitali, unaeleza yetu kama yako, unaandikiwa dawa, unarudi na dawa na maneno. Moja kutwa mara tatu. Hii usilewe nayo. Hii umeze na maji mengi. Sisi tunakaa kwa magunia ya majani tunakusikiliza kama pasta. Na ukienda tunakufanyisha mazoezi. Ondieki alikufundisha kutembea kama yeye mpaka mke wake alikuona kwa barabara akadhani ni mume wake, akakuitia chakula.

Na kile kitabu chako cha hospitali! Ile eksasaizi ya shule, kava ya bluu, jina lako kwa juu. Kila daktari aliandika humo. Daktari akikifungua alikuwa anakuangalia tena, anaangalia kitabu, anakuangalia. Ulituambia mmoja alikuuliza, "Mzee, wewe unaishi namna gani?" Ukamjibu, "Kwa maombi ya majirani." Tulicheka mpaka lori ya majani ikatupita.

Sasa sicheki.

Wakati ilifika zamu yangu, nilikufundisha vizuri, hutanidanganya. Nilikuambia useme naamka mara tano, useme inakuja kidogo, inakatika, inarudi, na ukimaliza hujamaliza. Ukasema, "Ombati, hiyo hata mimi ninayo nusu." Ukaenda. Ukarudi umekasirika, unatembea kama mtu amekanyaga mwiba. Ukanivuta kando pale kituo cha majani ukaniambia daktari alivaa glavu. Ukasema, "Henia niliwavumilia. Kuhara niliwavumilia. Lakini hii, Ombati, hii umenikosea." Nilicheka mpaka nikaketi chini. Ukaniambia walitaka mkojo, ukatoa wako. Wakapima presha, ukajisifu mbele yangu, ati nesi alishangaa, ilikuwa kama ya kijana anayecheza mpira.

Hapo ndipo ningesimama nikafikiri. Presha kama ya kijana. Presha ya nani? Lakini nilikuwa nacheka.

Ukanipa mfuko, pakiti ya dawa ndani na kitabu chako ndani. Ukasema, "Moja, jioni, ukishakula. Kuna mambo mengi ingine daktari aliniuliza, na kuna mambo alisema. Kesho nitakueleza polepole. Ona mvua." Mvua ilikuwa imefika Birongo, tuliiona inakuja. Ukaweka gunia kwa kichwa ukakimbia. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nikasikia kifua kinakubana umelala. Nikasema nitakuja kukuona baada ya Sabato, nikuletee uji nikutukane kidogo. Jumamosi kanisani jina lako likasomwa kwa matangazo. Nilidhani ni la michango ya harusi ya mtoto wako. Nilikuwa nimeanza kutabasamu, Mutiso.

Kesho yako haikufika, na maneno yangu ulienda nayo.

Nilingoja ukazikwe ndio nianze dawa, sijui kwa nini, niliona kama ni heshima. Nikaanza. Na nikuambie, hiyo dawa ni dume. Siku ya nne nilisimama nyuma ya zizi nikakojoa kama punda wa sokoni. Nilitaka kuita watu waje waone. Nilikuita wewe, kwa sauti, halafu nikakumbuka.

Halafu nikaanza kuanguka.

Mara ya kwanza nilikuwa nakama ng'ombe. Nikainuka kutoka kwa kigoda, na shamba yote ikazunguka, miti ikalala, nikajikuta chini maziwa yamenimwagikia, na ng'ombe ananiangalia kama mkwe. Nikasema ni njaa. Mara ya pili ni kanisani. Pasta akasema tusimame tuombe, nikasimama haraka vile mimi husimama, mwanaume, nikaenda moja kwa moja juu ya mama wawili wa kwaya. Sisi Wasabato hatuna mambo ya kuangushwa na roho, kwa hivyo watu walikosa cha kusema. Nikawaambia nilikuwa nainama sana kwa unyenyekevu. Mmoja wa wale mama akasema, "Mzee, unyenyekevu wako una kilo nyingi."

Mara ya tatu sikuangukia mtu. Ilikuwa kule juu kwa mteremko wa majani chai, mahali mawe yako. Niliinama kung'oa gugu, nikainuka, na giza ikaja mchana. Nilipofungua macho jiwe lilikuwa hapa, kichwa changu hapa, katikati ungepitisha kidole. Nililala hapo nikiangalia mawingu na nikaogopa, Mutiso. Mimi ambaye nimevuka mto Gucha umefurika na ndama kwa mabega. Hiyo ilikuwa ndama, nakubali. Nililala nikawaza, sasa ni dawa gani inaniangusha? Ile ya presha? Hii yako? Ama zinapigana ndani? Na nani anajua?

Nikaacha ile yako. Siku mbili. Siku ya pili, tangu asubuhi mpaka saa tisa, tone halikutoka. Tumbo likawa kama ngoma. Nilitembea nikizunguka nyumba, natoa jasho, najiona tayari nimewekewa ule mpira wa mkojo, natembea na chupa kando kama mtu anauza asali. Nikairudia mbio. Basi nikaacha ya presha badala yake. Siku tatu, kichwa kikanipiga nyuma ya masikio mpaka nikaona nyota za mchana. Nikairudia hiyo pia. Huku nikimeza naanguka, huku nisipomeza nazibika, huku kichwa. Nikikaa naogopa kusimama. Nikisimama naogopa kuinama. Mzee mzima nimeanza kusimama kwa kushika ukuta kama mtoto wa mwaka mmoja.

Nikatafuta msaada. Nikafungua ile karatasi ya ndani ya pakiti. Wewe, umewahi kuikunjua? Inakunjuka, inakunjuka, ungefunika nayo mtoto. Herufi kama siafu, na ni Kiingereza yote. Niliisoma kwa kidole siku nzima. Niliokota neno moja, "men". Hiyo nilijua kabla ya kununuliwa dawa.

Nikaenda kwa yule mtu wa dawa za miti, wa kipaza sauti, pale soko ya Birongo. Akasema dawa zote za hospitali ni sumu ya polepole, ninunue chupa yake inatibu presha, mkojo, mgongo na kesi za mashamba. Nikamwambia kesi ya shamba sina, anipunguzie ile sehemu. Sikununua. Nikauliza Ondieki bila kusema ni yangu. Ondieki akasema dawa ikiwa kali unaigawa mara mbili. Sasa hii yako haigawiki, ni ile ya ganda, rangi mbili. Nikafungua ganda kwa kisu. Ndani kuna punje ndogo ndogo kama wimbi. Nikahesabu kwa jicho, nusu nikatia kwa uji, nusu nikarudisha kwa ganda nikafunga kwa uzi. Usinicheke. Jioni hiyo nilianguka nikiwa bado nashika kikombe.

Ndio nikatoa kitabu chako. Kilikuwa kwa ule mfuko wakati wote, nilikuwa naogopa kukiangalia kwa sababu ya jina kwa kava. Nikatafuta ukurasa wa mwisho. Daktari ameandika mistari sita, saba, maandishi kama kuku amekanyaga wino. Humo ndani ndiyo kulikuwa na vile aliuliza na vile ulijibu. Nimeshika jibu kwa mkono na siwezi kulisoma. Na katika Nyansiongo yote mtu wa kusoma mwandiko wa daktari na anayejua dawa ninazomeza ni mmoja, na huyo mmoja ni mke wa Josiah.

Nimekaa na hicho kitabu siku nne, Mutiso. Nilikuwa nakiweka kwa mfuko wa koti, natembea mpaka karibu na dispensari, narudi. Mara moja nilifika kwa foleni kabisa, mbele yangu wamama wawili, nikauliza kama kuna dawa ya minyoo ya ng'ombe. Wakanicheka nikaenda.

Hapa niliacha kalamu juzi. Jana nilianguka tena. Kwa barabara. Boda boda ilinikosa kwa upana wa sahani. Yule kijana alisimama akaniambia, "Mzee, wewe umelewa asubuhi hii?" Mimi, Msabato. Nilikuwa naangalia alama ya gurudumu, na alama ya mkono wangu, zimepakana kwa vumbi. Nikajipanguza, nikaenda moja kwa moja, sikupitia nyumbani, kwa sababu ningepitia nyumbani ningebaki.

Ilikuwa saa saba, foleni imeisha. Kemunto alikuwa peke yake kwa dirisha anapanga maboksi. Akasema, "Baba, karibu," akaangalia kaunta vile anatakiwa. Mimi nikageuka nikaangalia mti wa mparachichi huko nje. Na mdomo ukakataa. Mutiso, huu mdomo! Huu mdomo uliongea kwenye baraza ya chifu mpaka chifu akaketi. Ukakataa kabisa.

Sasa sikiliza vile nilifanya. Niliweka kitabu chako kwa kaunta, na nikaongea Kiswahili. Kemunto na mimi hatujawahi kuongea Kiswahili hata siku moja. Lakini Ekegusii ni ya mama yangu, kila neno ndani yake lina macho. Kiswahili nilikipata kwa barabara, kwa wewe, kwa lori. Nikasema, nikiangalia mparachichi, "Mzee Mutiso amenituma. Anauliza, hapa kwa ukurasa wa mwisho, daktari alimuuliza nini, na yeye alijibu nini."

Nilisikia saa ya ukuta. Wewe umezikwa, Kemunto mwenyewe alichangia jeneza. Nikangoja aniambie nimerukwa na akili niende nyumbani.

Halafu nikasikia kitabu kinafunguliwa. Naye akanijibu kwa Kiswahili, polepole. "Mwambie mzee Mutiso, hapa daktari ameandika hivi. Mgonjwa anasema anakojoa kwa shida. Ameulizwa kama ana presha, amesema hana. Imepimwa, iko sawa. Ameulizwa kama kuna dawa ingine anameza, amesema hakuna. Ameulizwa kama huwa anasikia kizunguzungu, amesema hapana."

Hiyo ndiyo ilikuwa. Hukudanganya, Mutiso. Kila kitu ulichojibu kilikuwa kweli. Presha huna. Dawa humezi. Kizunguzungu huna. Ulijibu kama mtu mwaminifu, na kila jibu lilikuwa lako, na dawa ikaja kwa tumbo langu. Sisi wote wawili hatukuona. Tulifanya mazoezi ya vile inatoka na vile inakatika, hatukufanya ya kile kingine. Na sidhani ulikuwa na siku ya kuliona hilo. Ama ulikuwa umeliona? Ndiyo ulikuwa unataka kuniambia kesho? Hilo sitajua mpaka nife, na sina haraka.

Nikasema, "Mzee Mutiso anasema kumbe ana presha. Anameza dawa yake kila asubuhi, miaka mingi." Yeye ndiye hunipa hizo dawa, Mutiso. Anazihesabu kwa kidole chake. Nikasikia pumzi yake imesimama. Akauliza, na sauti ilikuwa imebadilika, "Ameanguka?" Nikasema, "Mara tano." "Aligonga kichwa?" Nikasema, "Bado." Akasema kitu kwa Ekegusii chini chini, nadhani aliita Mungu.

Halafu akaanza kumwelekeza Mutiso. Akasema mwambie hizi dawa mbili zote zinaweza kushusha presha, na mtu akisimama ghafla damu inachelewa kufika kichwani, ndio anaanguka. Mwambie wako watu wanazitumia pamoja, lakini lazima daktari ajue, apime, apange. Mwambie akitoka kitandani aketi kwanza, miguu chini, ndio asimame. Mwambie ile ya presha asiiache ati kwa sababu ameogopa. Nikasema Mutiso anauliza kama anaweza kufungua ganda agawe punje. Akasahau ensoni, karibu aniangalie. "Amefungua?!" Nikasema Mutiso ni mtu wa Makueni, huwezi kujua watu wa huko. Akasema mwambie asifungue, hiyo imetengenezwa itoke polepole, akiifungua anaimeza vibaya. Nikasema nitamkanya sana.

Akasukuma ile mashine ya presha kwa kaunta. Yeye hawezi kunishika, mimi siwezi kumpa mkono. Akasema, "Mwambie afunge kitambaa juu ya kiwiko, ile bomba iangalie chini." Nikajifunga mwenyewe, mara ya kwanza kama kamba ya ng'ombe, mara ya pili sawa. Akasema, "Sasa asimame." Nikasimama nimeshika dirisha. Mashine ikalia. Aliisoma kwa upande wake, namba zimepinduka. Akaandika, na kalamu iliandika kwa nguvu.

Akasema leo jioni Mutiso asimeze ile ya ganda, na mkojo ukikataa kabisa asingoje asubuhi, apige simu, atatafutiwa gari. Kesho kutwa saa mbili kuna daktari mpya, mtu wa Meru, hamjui mtu huku na hana ukoo na mtu. Aende na dawa zote kwa mfuko mmoja. Na aende na kitabu kipya.

Nikadhani tumemaliza. Lakini alikuwa anafunua kitabu chako nyuma, nyuma, nasikia kurasa. Henia. Choo ya damu. Kifua. Vidonda vya tumbo. Akasimama kwa ukurasa mmoja muda mrefu. Akauliza, bado kwa Kiswahili, "Baba. Hizi dawa zingine zote, mzee Mutiso alikuwa anameza mwenyewe?"

Hapo sikuwa na mzaha, ndugu yangu. Nilitafuta, sikupata. Nikasema, "Hapana."

Akafunga kitabu. Akasema, "Hiki kitabu kingemuua mtu. Labda kimeshaua." Hakusema kwa hasira. Na mimi tangu jana nawaza hilo neno. Nyamweya alikufa mwaka jana, tukasema ni uzee. Ulimeza nini, Nyamweya? Na wewe mwenyewe, siku kifua chako cha kweli kilikuja, kama ungefika kwa daktari na hicho kitabu, angeona kifua chako wapi katikati ya matumbo yetu? Hukufika, ninajua. Lakini nawaza. Tulikujazia magonjwa yetu mpaka ukakosa mahali pa kuandika lako.

Leo asubuhi nimeenda kwa Ondieki. Nimemwambia yote, mpaka kuhusu glavu. Alikataa, akaniita msaliti, akasema afadhali henia. Nikakaa kwake mpaka chai ya pili. Mwishoni akatoa makopo yake chini ya kitanda, akaweka kwa mfuko, akasema atakuja, lakini nyuma yangu, hatua kumi, kama mtu ambaye hanijui.

Kwa hivyo kesho naenda. Naogopa, Mutiso. Siogopi kuanguka tu. Naogopa yule mtu wa Meru akivaa glavu atakuta nini, kwa sababu tezi yangu haijawahi kupimwa. Ile ilipimwa ni yako. Labda yangu ni ya uzee tu. Labda ni ile mbaya. Hakuna mtu anajua, hata mimi, na muda wote huu nilidhani nimepimwa. Nimeketi hapa kwa mlango naandika, jua bado liko, na kila nikitaka kuinuka naweka miguu chini kwanza, nahesabu mpaka kumi, kama nimeambiwa.

Nimenunua eksasaizi mpya. Nimeandika jina kwa kava mwenyewe, limepinda, lakini ni langu. Akiniuliza kama nina presha nitasema ninayo. Akiniuliza naamka mara ngapi nitamwambia mara tano, na nitamwangalia usoni. Nakuahidi hivyo. Na hawa wazee wengine nakuahidi nitawapeleka mmoja mmoja, hata kwa kuvuta sikio, hakuna mtu ataugua tena kwa jina lako.

Pumzika, rafiki yangu. Umeugua ya kutosha. Na kesho ukiwa huko usikie nesi anaita mgonjwa wa mkojo kutoka Nyansiongo, mimi najua wewe umezoea, miguu itataka kusimama yenyewe. Usiitike. Kaa chini. Nitaitika mwenyewe.

Ombati